Asidi Iliyoshiba Zinki

Fundi rejeta anayeijua kazi yake anaweza kumaliza saa nzima ya asubuhi bila kugusa rejeta. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana imekaa chini ya ukuta, mbali na jiko la mkaa, upande unakoelekea upepo. Ndani yake mna asidi, na ndani ya asidi mna vipande vya zinki vinavyotoa viputo. Fundi yuko hatua chache kutoka hapo, anasugua kutu kwenye koleo lake. Mteja akija kuuliza gari litatoka saa ngapi, anaambiwa dawa haijawa tayari. Anaitupia chupa jicho, haoni moto wala mvuke wa maana, anaondoka akidhani anazungushwa.

Hazungushwi. Kila tundu litakalozibwa siku hiyo linategemea kilichomo ndani ya chupa, na kilichomo hakikubali kuharakishwa. Nimekaa kwenye karakana za namna hii Gerezani, Dar es Salaam, na kwingineko, na kwa maoni yangu huko kusubiri ndiko kunakostahili heshima kuliko hatua nyingine zote. Kulehemu kwenyewe ni kazi ya dakika chache, na kijana mwenye mkono mtulivu hujifunza mapema. Kujua kama asidi imeshiba kunachukua muda mrefu zaidi.

Asidi hiyo ni hidrokloriki, ileile inayouzwa madukani kwa kung'arisha vyoo na kutoa madoa ya saruji kwenye vigae. Ndani ya maji yake haidrojeni imetawanyika ikiwa chembe zenye chaji chanya, kila moja imepungukiwa elektroni. Zinki inazo elektroni na haizishikilii sana. Inaziachia, yenyewe inaingia majini, na haidrojeni iliyozipata inaungana mbilimbili na kupanda juu ikiwa gesi. Kinachobaki majini ni kloridi ya zinki, chumvi inayopenda unyevu kiasi kwamba ukiiacha kavu kwenye kisahani, baada ya muda utaikuta imelowa kwa maji iliyoyavuta hewani. Hiyo ndiyo dawa. Gramu 6.5 za zinki zikiyeyuka zote hutoa takriban lita 2.4 za gesi katika joto la kawaida la chumbani, ndiyo maana chupa ndogo huendelea kutoa viputo muda mrefu kuliko mgeni anavyotarajia.

Kwa nini asidi isipakwe ikiwa ghafi? Kwa sababu haivumilii moto. Ukiipaka kwenye shaba na kuleta chuma cha kulehemu kilichotoka kwenye mkaa, inaruka hewani ikiwa moshi mkali wa kuchoma pua kabla risasi haijaanza kuyeyuka, na shaba inabaki uchi, inashika oksidi upya palepale. Kloridi ya zinki haikimbii. Maji yanakauka, chumvi inabaki juu ya metali ikiwa utando mzito wa majimaji, inaizuia hewa isifike, na kwa joto inaachia asidi kidogo kidogo, kiasi cha kula oksidi tu. Chini ya utando huo risasi iliyoyeyuka inakutana na shaba safi na kuishika.

Zinki ya fundi haitoki dukani. Inatoka kwenye mawe ya redio yaliyokwisha nguvu. Ganda la nje linachunwa, kitako kinakatwa kwa mkasi wa bati, na ndani unatokea unga mweusi, uleule ambao shule nyingi za vijijini zimeutumia kupaka ubao, pamoja na kijiti cha kaboni katikati. Kopo linaloushikilia unga huo ndilo zinki. Jiwe lililotumika sana huwa na kopo lililoliwa, mahali pengine jembamba kama karatasi, mahali pengine limetoboka kabisa, maana umeme wote uliowasha redio ulilipwa na zinki hiyo. Fundi halitupi kwa sababu limetoboka. Analikunjua kwa nyundo ya mti, analiosha mpaka weusi uishe, analikata vipande virefu vyembamba, kisha anavikunja kidogo ili vikitumbukizwa visilale bapa juu ya kitako cha chupa. Kipande kilicholala bapa hufanya kazi upande mmoja tu.

Na si kila jiwe linafaa. Yale yanayoandikwa alkalaini yana kopo la chuma, na zinki yake ni unga uliochanganyika na ute wa alkali katikati. Mgeni hawezi kuyatofautisha baada ya kuchunwa. Fundi ana kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika mbovu. Kinachong'ang'ania sumaku kinawekwa kando. Chuma nacho kinaisukuma haidrojeni kutoka kwenye asidi, kwa hiyo kingetoa viputo vizuri tu na kumdanganya anayetazama. Lakini dawa ingekuwa na chumvi ya chuma, rangi ya kijani hafifu inayogeuka kahawia ikikaa na hewa, na risasi haiipendi.

Tuitazame chupa sasa. Kipande cha kwanza kikiingia, kwa nukta chache hakifanyi lolote, kwa kuwa uso wake umefunikwa na oksidi ambayo asidi lazima iiondoe kwanza. Kisha viputo vidogo vinaanza kwenye kingo, mahali mkasi ulipopita, halafu kwenye mikunjo, halafu uso wote unageuka mweupe kwa povu. Ukisogeza sikio unasikia mchakacho kama wa soda iliyofunguliwa sasa hivi. Chupa inapata joto. Fundi anaigusa kwa mgongo wa kidole, na kidole hicho ndicho kinachompa mwendo: ikiwa ya uvuguvugu, anaongeza kipande, ikianza kuunguza, anaacha.

Kosa la kwanza la mwanafunzi ni kutia vipande vyote kwa pamoja. Povu linapanda, chupa inachemka, asidi inafurika kwenye sakafu na nyingine inakwenda na mvuke, na kilichobaki ni kidogo tena chafu. Nilimsikia mzee mmoja akimkanya kijana wake aliyekuwa ameshika ngumi nzima ya zinki.

"Kimoja kimoja, mwanangu."

"Lakini babu, bado inachemka sana, si ina maana inataka?"

"Ina maana imepewa. Mwache anayekula amalize."

Maneno hayo yana kemia nyingi ndani yake. Mmenyuko huu unazalisha joto, na joto lenyewe linaukimbiza mmenyuko; asiyeudhibiti mwanzoni hatauwahi baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo mzee huyo alilijua kwa macho. Zinki chafu hufanya kazi haraka kuliko zinki safi. Mtu angetarajia kinyume chake. Mwanasayansi wa Geneva, Auguste de la Rive, alilichunguza jambo hilo mwaka 1830 na kuona kwamba zinki iliyosafishwa sana huyeyuka taratibu mno kwenye asidi, ilhali ile ya kawaida yenye chembe za metali nyingine huchemka. Chembe hizo huwa vituo ambapo haidrojeni inapokea elektroni kwa urahisi, wakati zinki iliyo jirani inayeyuka. Kila doa la uchafu na zinki iliyolizunguka ni betri ndogo. Walimu wa kemia hutumia ujanja huohuo wanapodondoshea salfeti ya shaba kidogo kwenye zinki iliyozubaa. Shaba inajipaka juu ya zinki na viputo vinaongezeka palepale. Fundi wetu hana salfeti ya shaba. Ana waya wa shaba alioukwangua gamba la plastiki. Anauchovya mpaka uguse zinki iliyolala, na viputo vinaanza kutoka kwenye waya, ambao wenyewe hauyeyuki. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo niliinama karibu na chupa kuliko ilivyo busara. Shaba haiwezi kuitoa haidrojeni kwenye asidi hii, ila inaweza kuipa mahali pa kutokea.

Halafu inakuja ile sehemu ndefu. Mchakacho unapungua. Povu linakatika vipande, unaanza kuona kitako cha chupa na tope jeusi lililotulia hapo: kaboni iliyosalia, na uchafu wa zinki usioyeyuka. Kiputo kinatoka hapa, kingine pale. Mtu asiye na subira angesema imekwisha. Fundi anaitikisa chupa kidogo, viputo vinarudi, anaiacha tena.

Ushahidi anaoutaka ni mmoja: viputo vimekoma na zinki bado ipo. Viputo vikikoma kwa sababu zinki imekwisha, hilo halimwambii chochote kuhusu asidi. Huenda bado ina njaa. Ndiyo maana kila mara hutia zinki zaidi ya inayohitajika, na kipande kinachobaki chini bila kuliwa ndicho shahidi wake. Maabara yoyote ingeikubali hoja hiyo. Kipande hicho kina faida nyingine pia. Kama shaba imeingia kwenye dawa kwa bahati mbaya, labda kwa brashi iliyotoka kusugua rejeta, zinki inayobaki huisukuma nje ya mmumunyo, na shaba inaonekana ikiwa utando wa kahawia-nyeusi juu ya kipande. Mafundi makini humimina dawa safi kwenye kopo dogo la kazi na hawarudishi masalio kwenye chupa.

Gesi iliyokuwa ikitoka muda wote huo fundi haitaki, anaiachia upepo. Lakini ndiyo iliyowashughulisha wakemia wa karne ya 18. Henry Cavendish wa London aliikusanya kwa kumwagia asidi zinki, chuma na stani, akaipima na kuichapishia ripoti mwaka 1766, akiiita hewa inayowaka. Tarehe 27 Agosti 1783, Jacques Charles alirusha puto kutoka Champ de Mars, Paris, lililojazwa gesi iliyotokana na vipande vya chuma na asidi ya salfuriki. Lilitua kijijini Gonesse, na wanakijiji walioliona likihemahema shambani walilishambulia kwa uma za shambani. Siwalaumu.

Turudi karakanani. Rejeta ya shaba imekwisha funguliwa, matundu yake makubwa yamezibwa kwa mpira, na pampu ya baiskeli inaijaza hewa wakati imezamishwa kwenye pipa la maji. Mahali viputo vinapochomoza panawekwa alama ya msumari. Kisha brashi ya waya, msasa, na tupa kwenye kona, mpaka shaba nyekundu ya mirija na shaba ya njano ya tangi la juu zinang'aa. Dawa inapakwa kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Hapo ndipo unapoona kama asubuhi haikwenda bure: shaba inabadilika rangi chini ya kijiti, ule weusi mwembamba usioondoka kwa msasa unatoweka. Chuma cha kulehemu, ambacho kichwa chake ni cha shaba, kinatolewa kwenye mkaa, kinachovywa kwenye dawa kikitoa mlio, kinaguswa kwenye risasi. Risasi hiyo ya kulehemu, yaani mchanganyiko wa stani na risasi halisi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, chini kuliko stani peke yake, nyuzi 232, na chini zaidi kuliko risasi peke yake, nyuzi 327. Inatiririka ndani ya ufa bila kusukumwa, inaingia hata mahali chuma hakifiki. Dawa mbaya ingeifanya ijikunje kuwa vidonge na kuteleza pembeni.

Metali zote za karakana hii zina nafasi yake kuhusu haidrojeni, na fundi anazijua bila jedwali. Mrusi Nikolai Beketov aliuchunguza mpangilio huo na kuuandikia kitabu mwaka 1865. Leo unapimwa kwa volti, haidrojeni ikiwa sifuri. Zinki iko 0.76 upande wa kutoa elektroni, chuma 0.44, stani 0.14, risasi 0.13. Shaba iko upande wa pili, 0.34. Kwa hiyo shaba ya rejeta inaweza kulala ndani ya asidi isiyo na hewa na isitoe hata kiputo, ndiyo maana kazi hii inawezekana kwa shaba: dawa inakula oksidi na kuiacha metali. Risasi ndiyo inayochanganya wanafunzi. Kwa mujibu wa namba ingepaswa kutoa viputo, ingawa polepole, lakini ukiitumbukiza kwenye asidi baridi huoni kitu. Kloridi yake haiyeyuki vizuri na inaufunika uso, tena haidrojeni huona tabu sana kuzaliwa juu ya risasi. Tabia hiyo ndiyo inayoziwezesha betri za magari kufanya kazi, kwa kuwa sahani za risasi hukaa kwenye asidi ya salfuriki miaka kadhaa bila kugeuka povu.

Fundi bati, anayetengeneza makopo ya kumwagilia maua, mifereji ya paa na koroboi, ana njia nyingine ambayo naipenda kwa werevu wake. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Yeye haishibishi asidi chupani. Anaipaka ghafi, kidogo sana, palepale kwenye mshono, na zinki ya bati inaishibisha hapohapo. Unaona mstari mwembamba wa viputo ukikimbia pamoja na kijiti, kisha unakoma, na dawa imekwisha tengenezeka mahali inapotakiwa. Akizidisha, zinki yote inaliwa, asidi inafika kwenye chuma, na mshono huo utashika kutu kabla ya masika mawili. Akipunguza, risasi haishiki. Kipimo ni upana wa kijiti na kasi ya mkono, na sijaona mtu anayekieleza kwa maneno.

Kazi ikiisha, kuna hatua ambayo wavivu huiruka: kuosha. Ile tabia ya kloridi ya zinki ya kuvuta unyevu, iliyokuwa baraka wakati wa moto, ni balaa baadaye. Chumvi hiyo itakaa kwenye kiungo ikiwa na unyevu siku zote na kukila. Wapo wanaoosha kwa maji ya magadi, nao huona povu tena, ila hilo ni la kaboni dayoksaidi, dalili kwamba asidi iliyosalia inazimwa. Rejeta iliyolehemiwa vizuri na kuoshwa vibaya hurudi karakanani.

Sisifu kila ninachokiona. Haidrojeni huwaka ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 4 hadi 75, upana unaotisha, na chupa iliyofungwa kizibo wakati mmenyuko unaendelea itapasuka. Nimeona vijana wakiinamia chupa bila miwani, wakivuta moshi wa asidi, na kula mihogo kwa mikono iliyoshika risasi, ambayo hujikusanya mwilini na kuharibu ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima. Mzee niliyemtaja huwafukuza watoto karakanani, na huosha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Huo pia ni ufundi.

Kazi yenyewe inapungua. Magari ya siku hizi yanakuja na rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki. Kwenye jedwali alumini iko juu ya zinki, ina hamu zaidi ya kutoa elektroni, lakini inajifunika oksidi ngumu papo hapo, na kloridi ya zinki haiwezi kuiondoa kwa utulivu. Plastiki nayo haikubali chuma cha moto. Rejeta ya alumini ikitoboka hupakwa gundi au hubadilishwa. Wanaoendelea kuleta kazi ni wenye malori ya zamani, matrekta na jenereta.

Kwa walimu wa kemia nina ombi moja. Somo la metali na asidi mara nyingi hufundishwa kwa chaki, shule ikiwa haina zinki wala chupa. Mtafuteni fundi wa namna hii kabla hajafunga karakana, mwombeni awaoneshe wanafunzi dawa inavyotengenezwa, wakiwa wamesimama mbali na wamevaa miwani. Na wewe mwenye gari la zamani, rejeta yako ya shaba ikivuja usiiuze kwa kilo. Ipeleke ikalehemiwe, na ukiambiwa dawa haijawa tayari, subiri.